Je, Wajapani wana siri ya rangi za mimea zisizopauka?

"Shikamoo mwalimu. Natengeneza batiki za pamba na kuuza hapa Dar es Salaam. Nimetazama video ya Kyoto, watu wamefufua mbinu za kale za kutia nguo rangi kwa mimea, mbinu zilizokuwa zimepotea, na wanasema kuna vitambaa vya zaidi ya miaka elfu moja ambavyo bado vina rangi. Nikajaribu mwenyewe. Nilichemsha manjano, nikatia chumvi na siki ili rangi ishike, kitambaa kikatoka kizuri mno. Mteja alipofua kwa sabuni ya mche, sehemu nyingine zikageuka nyekundu kama kutu, na baada ya wiki chache za kuanikwa kikabaki rangi ya vumbi. Amekirudisha. Hiyo mbinu ya Wajapani ni ipi, na nitaipata wapi? Na je, niache kabisa rangi za dukani? Haidrosi na kostiki, dawa ninazochanganyia rangi hizo, zimenichosha, macho yananiwasha kila siku ya kazi."

Marahaba, mwanangu. Swali lako lina mambo matatu: kitambaa kilichorudishwa, siri unayodhani Wajapani wanayo, na macho yako. La macho nitalirudia mwishoni, lakini usingoje kumaliza kusoma ndipo uchukue hatua. Ukitia rangi leo, tia uani penye hewa, usitie ndani.

Tuanze na kile kitambaa, kwa sababu hukukosea mahali unapodhani. Rangi ya manjano hubadilika ikikutana na kitu chenye ukali wa magadi. Sabuni ya mche ina ukali huo, ndiyo maana kitambaa kikawa chekundu kilipoguswa na povu. Dondoshea tone la maji ya ndimu kwenye doa hilo, utaliona linarudi njano. Huko kupauka ndiko kubaya zaidi. Mwanga wa jua huivunja molekuli yenyewe ya manjano, na ikishavunjika hakuna ndimu wala shabu ya kuirudisha. Chumvi husaidia baadhi ya rangi za dukani kuingia kwenye pamba, nadhani mazoea hayo yametokea huko, lakini haina uwezo wa kuyashikilia manjano. Siki nayo haifungi rangi. Japani pia walitumia manjano, huyaita ukon, ila mtia rangi wa kule aliyetaka njano ya kudumu alichukua nyasi za kariyasu, akazichemsha, akashikisha rangi yake kwa maji ya majivu au shabu. Njano ya nyasi hizo huvumilia jua kuliko manjano kwa mbali sana.

Sasa vile vitambaa vya miaka elfu. Vipo kweli. Vingi vimo katika hazina ya Shosoin, jengo la mbao lililoinuliwa juu ya nguzo katika eneo la hekalu la Todai-ji mjini Nara. Mwaka 756, mfalme Shomu alipofariki, mjane wake Komyo alitoa vitu vya mumewe viwe wakfu kwa hekalu hilo, na huo ndio ukawa mwanzo wa hazina. Zimo hariri zilizotiwa rangi karne ya 8 ambazo ukiziona leo utadhani ni za miaka michache. Lakini zimekaa gizani muda wote huo, ndani ya masanduku ya mbao, na hata siku hizi huoneshwa chache tu kwa muda mfupi kila vuli, kisha zinarudi ndani. Nguo ya mteja wako inaanikwa kwenye jua la Dar kila wiki. Ukiilinganisha na hariri ya Shosoin utajionea unyonge bure, maana hata fundi bora wa Kyoto hawezi kukuahidi kwamba kila rangi ya mmea itashinda jua. Rangi nzuri kuliko zote alizonazo, ile nyekundu ya ua la benibana, ni miongoni mwa zinazokufa upesi zaidi mwangani.

Je, kuna siri? Hapa ndipo watu wengi hupotoshwa na video. Orodha za rangi hizo hazikupotea hata siku moja. Mwaka 927 ulikamilika mkusanyo wa kanuni za serikali uitwao Engishiki, na ndani yake, katika sehemu ya idara ya kushona nguo za ikulu, zimeandikwa rangi moja baada ya nyingine pamoja na vipimo. Zambarau iliyokolea kwa jora moja la hariri ya nakshi: mizizi ya mmea uitwao murasaki kin 30, siki sho 2, majivu koku 2, kuni kin 360. Kin moja ni kama nusu kilo na ushei, sho na koku ni vipimo vya ujazo. Rangi ya joho la mfalme mwenyewe imo pia, inatoka kwenye mti wa haze na mti wa suo, nayo ina vipimo vyake vya siki, majivu na kuni.

Soma tena mapishi hayo ya zambarau. Yametaja vitu na vipimo vyake, basi. Hayasemi maji yawe moto kiasi gani, majivu ni ya mti gani, siki inaingia mwanzo au mwisho, kitambaa kizamishwe mara ngapi. Ni sawa na kumwandikia mtu asiyewahi kuona pilau mchele kilo mbili, nyama kilo moja, bizari na kuni, ukaondoka. Aliyeandika hakuona haja ya kueleza, kwa kuwa kila fundi wa ikulu alijua kwa mikono. Mikono hiyo ndiyo iliyopotea, na mashamba yaliyoilisha yakapotea nayo.

Upotevu wenyewe ulikuja kwa awamu. Baadhi ya mbinu zilikufa mapema, nitakutajia moja inayokuhusu wewe. Nyingi zilivumilia hadi karne ya 19. Mwaka 1856 kijana wa Kiingereza wa miaka 18, William Perkin, alipata zambarau ya maabara kutokana na lami ya makaa ya mawe. Wekundu uliokuwa ukitoka kwenye mizizi ukafuata, na mwaka 1897 kampuni ya BASF ya Ujerumani ikaanza kuuza rangi ya buluu iitwayo nili, iliyotengenezwa kiwandani. Japani ilikuwa imefungua milango kwa dunia miongo michache tu kabla ya hapo, na rangi hizo za bei nafuu zikaingia kama mafuriko. Mkulima wa murasaki akaona hapati mnunuzi, akapanda kitu kingine. Yule aliyekuwa akifukiza matunda ya ume, aina ya plamu chachu, kwa ajili ya watia rangi naye akaacha. Mnyororo ukikatika kiungo kimoja, fundi anaweza kuwa na kitabu mkononi na bado asiweze kufanya kazi.

Mtu uliyemwona kwenye video huenda ni Yoshioka Sachio au wanafunzi wake. Alizaliwa 1946 katika ukoo wa watia rangi wa Kyoto, akafanya kazi ya uchapishaji wa vitabu kwa miaka, kisha mwaka 1988 akarithi karakana kama kizazi cha tano na kuamua kuacha rangi za kiwandani. Akiwa na fundi mkuu Fukuda, alirudi kwenye maandishi ya Engishiki na vitambaa vya kale, akajaribu, akakosea, akajaribu tena. Alifariki mwaka 2019 na binti yake Sarasa ndiye anayeiongoza karakana sasa. Ninachomheshimu zaidi ni kwamba alikwenda kwa wakulima. Murasaki ya porini imekuwa adimu sana Japani, hivyo alishirikiana na wakulima wa Taketa, huko Oita, mahali palipokuwa pakilimwa mmea huo tangu enzi za kale, wakaanza kuupanda upya. Bila wakulima hao, jora lile la kin 30 za mizizi lingebaki maandishi.

Mizizi hiyo ndiyo iliyowafundisha joto. Rangi ya murasaki huharibika ikipita nyuzi kama 60 za Selsiasi, zambarau inageuka kijivu. Kwa hiyo mizizi hupondwa na kukamuliwa kwenye maji ya moto yasiyochemka, na kitambaa hupitishwa humo na kwenye maji ya majivu kwa zamu, mara nyingi mno. Na si majivu yoyote. Mti wa mkamelia hufyonza alumini kutoka ardhini na kuihifadhi kwenye majani, kwa hiyo maji ya majivu yake yana alumini ndani. Alumini hushika uzi kwa mkono mmoja na rangi kwa mkono mwingine, na hapo ndipo rangi ya mmea inapokaa. Kazi hiyohiyo inafanywa na shabu unayoweza kuinunua dukani kwa bei ndogo. Watu wa Nara hawakujua neno alumini, walijua mti. Mchai ni wa jenasi moja na mkamelia, na majani yake makongwe hukusanya alumini vilevile, kwa hiyo mtu wa Mufindi au Kericho mwenye matawi yaliyopogolewa ana jambo la kufanyia majaribio.

Acha nikuoneshe hatua kwa hatua ule wekundu wa benibana, kwa sababu ndani yake utaona fundi anavyofikiri. Ua hilo ni la jamii moja na alizeti na linaonekana la njano. Rangi nyekundu iliyomo haifiki hata asilimia 1 ya uzito wa petali zilizokaushwa, iliyobaki ni njano tele isiyotakiwa. Kwanza petali huloweshwa kwenye maji baridi na kufinyangwa kwa mikono, maji ya njano yanamwagwa, yanawekwa mengine, tena na tena hadi njano iishe. Nyekundu haitoki kwa maji matupu, inabaki ndani. Hapo ndipo yanapokuja maji ya majivu ya mabua ya mpunga, yenye ukali wa magadi. Petali zikifinyangwa humo, nyekundu inaachia na kutoka. Lakini ikiwa ndani ya ukali huo haiwezi kukaa kwenye kitambaa, ndipo fundi anapotia siki ya mchele kidogokidogo. Ukali unapungua, rangi inakosa pa kujificha majini, inahamia kwenye uzi. Mwisho kitambaa hupitishwa kwenye maji ya ubai, yaani yale matunda ya ume yaliyofukizwa moshi, ambayo uchachu wake huing'arisha. Kazi hiyo ya kufukiza, huko Tsukigase katika mkoa wa Nara, ilididimia hadi ikabaki kwa familia moja.

Umeona siki ilivyotumika? Ilisawazisha ukali uliotiwa makusudi hatua moja kabla. Wewe uliitia kwenye manjano ambamo haikuwa na kazi ya kufanya. Na yote hayo hufanyika kwa baridi, moto huiua nyekundu hiyo. Watia rangi wa zamani walipendelea miezi ya majira ya baridi. Wekundu huo bado hutumika kila mwaka: karakana ya Yoshioka huandaa karatasi nyekundu za benibana ambazo watawa wa Todai-ji huzitengenezea maua ya mkamelia kwa ibada yao ya mwezi Machi, ibada inayofanyika tangu mwaka 752.

Sasa nili, ambayo naamini ndiyo mlango wako. Nili haiyeyuki majini. Ili iingie kwenye uzi ni lazima kwanza inyang'anywe oksijeni ndani ya maji yenye ukali wa magadi. Hapo inageuka na kuyeyuka, kitambaa kinaizamia, na kikitolewa nje oksijeni ya hewani inairudisha buluu ikiwa imeshakwama ndani ya nyuzi. Je, unaitambua kazi hii? Ndiyo unayoifanya kila siku. Kostiki yako ndiyo ukali, haidrosi yako ndiyo inayonyang'anya oksijeni, na rangi zako za batiki zinazobadilika zikipigwa na upepo zinafuata kanuni hiyohiyo. Kwa hiyo usijione mgeni kwenye mbinu ya kale. Umeshika nusu yake.

Japani, hasa Tokushima kando ya mto Yoshino, nusu nyingine hufanywa na bakteria. Majani ya mmea wa nili wa kule hukaushwa, hurundikwa kwenye sakafu ya udongo, humwagiwa maji na kugeuzwa kila baada ya siku chache kwa muda wa siku 100 hivi. Rundo hupata moto wenyewe na kutoa mvuke mkali wa kuwasha pua. Kinachobaki, kinachofanana na udongo mweusi, huitwa sukumo. Hutiwa kwenye pipa lililofukiwa ardhini pamoja na maji ya majivu ya miti migumu, pumba za ngano, chokaa na pombe ya mchele. Baada ya wiki moja au zaidi, juu huota povu la buluu yenye wekundu kidogo, na fundi husoma afya ya pipa kwa povu hilo, kwa harufu, wengine hata kwa kuonja. Kitambaa kikitolewa huwa na rangi ya hudhurungi yenye kijani, kikikutana na hewa kinakuwa kijani, kisha buluu, mbele ya macho yako. Wakati wa vita kuu ya pili kilimo cha nili kilikatazwa kwa kuwa si chakula, na mbegu ziliokolewa na familia moja iliyoendelea kuzipanda kwa siri. Bila ujasiri huo huenda tusingekuwa na pipa la kulizungumzia leo.

Na ile mbinu niliyosema inakuhusu ni ya nta. Ndani ya Shosoin kuna paneli za kusimamisha, moja ina tembo chini ya mti, nyingine kondoo, na michoro yake imezuiwa rangi kwa nta. Ni batiki ya karne ya 8. Wajapani waliiita rokechi, kisha ikatoweka nchini mwao kwa karne nyingi, na inaaminika sababu ilikuwa nta kuadimika baada ya mahusiano na China kupungua. Fundi wa batiki anaelewa mara moja kwa nini nta na nili ni marafiki: pipa la kuchachusha halihitaji moto wa kuyeyusha nta. Zambarau ya murasaki, kwa nyuzi karibu na 60, ingekuharibia mchoro wote.

Sasa jambo ambalo video nyingi hazilisemi. Rangi nyingi za Engishiki ziliandikwa kwa ajili ya hariri. Hariri ni protini, inapokea alumini na rangi kwa urahisi. Pamba ilienea Japani karne nyingi baadaye, na ni uzi mgumu kwa rangi za mimea. Kwenye marekani au bafta yako, shabu peke yake haitakaa vizuri. Unahitaji kwanza kuloweka kitambaa kwenye maji ya maganda ya komamanga au kitu kingine chenye ukakasi wa namna hiyo, ukikaushe, ndipo ukitie shabu. Gome la mkoko lina ukakasi huo kwa wingi, lakini ukataji wa mikoko umewekewa masharti na bahari inaihitaji, liache. Nili haina haja ya hayo yote, wala benibana.

Ukiniuliza nini cha kufanya, nitakwambia usiache rangi za dukani kwa mkupuo. Zinalisha watoto wako na nyingi huvumilia jua kuliko mimea. Anza na mzigo mmoja mdogo wa nili ya asili kando ya biashara yako ya kawaida, na uuze kwa bei inayoonesha kazi yake. Badala ya haidrosi, watia rangi wengi wa sasa hutumia chokaa iliyozimwa na sukari ya matunda: sehemu moja ya nili, mbili za chokaa, tatu za sukari hiyo, na wengine huchemsha tende au ndizi zilizoiva kupita kiasi ili kuipata. Njia hiyo si ya Kijapani, usiiuze kwa jina hilo. Pia hupenda joto, kwa hiyo ijaribu kwanza kwenye kipande chenye nta kabla hujazamisha jora. Pipa la pumba ni la polepole na linaweza kukufia mikononi, ila kwa hali ya hewa ya Dar una faida ambayo fundi wa Tokushima anaitafuta kwa kuwasha moto chini ya mapipa yake wakati wa baridi.

Kabla hujauza chochote cha mimea, kata kipande, funika nusu yake kwa karatasi nene, kiweke dirishani panapopiga jua kwa mwezi mmoja. Kingine kifue kwa sabuni ileile ya mche. Ukifunua karatasi ukaona mstari mkali kati ya nusu mbili, rangi hiyo ni ya pambo la ndani, mwambie mnunuzi hivyo kabla hajalipa. Yule mteja aliyekurudishia kitambaa, mrudishie pesa au umtilie kingine kwa nili.

Ukitaka kuchuma nili mwenyewe, upo mmea wa asili wa Afrika yetu, Indigofera arrecta, unaotoa buluu nzuri. Lakini jamii hiyo ina aina mamia barani, nyingi hazina rangi ya maana na zinafanana. Peleka tawi lenye ua na tunda kwa wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, usikisie kwa picha ya simu. Na ukiletewa nguo kuukuu ya familia uifufue rangi, usiichovye popote, hata majini. Mshauri mwenye nayo aipeleke kwa wahifadhi wa makumbusho.

Nirudi kwenye macho. Haidrosi ikilowa hutoa hewa ya salfa inayowasha macho na kifua, na kostiki inaweza kuchoma mboni ya jicho kwa sekunde chache. Vaa miwani iliyoziba pembeni na glavu ndefu, tia kostiki kwenye maji, usitie maji kwenye kostiki kamwe. Tenga sufuria na mwiko wa rangi, visirudi jikoni, hata kwa rangi za mimea. Chokaa nayo huunguza, usiidharau kwa kuwa ni ya asili. Kikikurukia kitu jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, usitie maziwa wala dawa ya jirani, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Lakini kwa ulivyoeleza, kuwashwa kila siku ya kazi kunatosha kukupeleka kwa daktari wa macho wiki hii, hata kama hakuna kilichokurukia. Mtajie majina ya vitu unavyotumia, na ukiwa na kikohozi au kubanwa kifua umwambie hilo pia.